Mama aliyerudisha kitabu "kipya" cha tauni

Nataka kueleza kisa kimoja tu, cha msomaji mmoja na kitabu kimoja, lakini nitakieleza chote, kwa sababu kila nikikikumbuka naona ni kosa ambalo wengi wetu tunaokaa kaunta za maktaba za umma tunalifanya kila wiki, na msomaji akiondoka kimya hatujui kabisa kama tumekosea.

Aliyekuja ni mama mmoja, muuguzi mstaafu, ana miaka 68 (umri nautaja kwa sababu huko mbele utaingia kwenye hesabu). Sio mgeni kwetu, huwa anakuja asubuhi kusoma magazeti, miwani yake kaifunga kamba shingoni, anasalimiana na kila mtu. Siku hiyo hakwenda kwenye magazeti, akaja moja kwa moja kaunta. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema, "Mwanangu, nitafutie kitabu cha historia. Kipya. Ila sio cha vita, vita nimevichoka." Nikamuuliza kuhusu nini hasa mama? Akasema magonjwa, ile tauni kubwa ya karne ya 14 wanayoiita Kifo Cheusi, maana tangu korona ipite amebaki na hamu ya kujua watu wa zamani walikabiliana vipi na kitu kama kile.

Mimi nikafurahi mno. Rafu ya vitabu vipya iko hatua tatu kutoka kaunta, na wiki hiyohiyo tulikuwa tumeweka kitabu cha mada hiyo, kava jeusi linang'aa, maandishi ya dhahabu, stika yetu ya njano imeandikwa MPYA mgongoni. Nikakivuta, nikapiga skana, nikamkabidhi, dakika mbili hazikufika. Nikajiona nimefanya kazi nzuri kweli, yaani msomaji kataja mada, kitabu kipo, kipya, tena kizuri kwa kukitazama, unataka nini zaidi?

Siku ya tisa akarudi. Akakiweka kaunta, akavaa miwani, akaniuliza, "Mwanangu, hiki kitabu kimeandikwa lini?"

Nikaangalia stika. Akatikisa kichwa, akakifungua mwenyewe, ukurasa ule wa nyuma ya jina la kitabu, wenye maandishi madogo madogo ambao karibu kila mtu anauruka, akaweka kidole. Kimechapwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, kikachapwa tena, na tena, na hii ya kwetu ni chapa ya juzijuzi yenye kava jipya na dibaji ya kurasa sita. "Wakati huyu bwana anaandika mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na tano," akasema. Hakusema kwa hasira, alisema kwa sauti ile ya muuguzi anayemweleza daktari kijana kwamba dozi imekosewa, na hiyo iliniingia zaidi kuliko kama angefoka. Halafu akafungua katikati, pale alipokuwa ameweka kipande cha karatasi. Mwandishi anasema ugonjwa ulitokea huko mashariki ya mbali, na kwamba mahali penyewe pengine hapatajulikana kamwe. "Mjukuu wangu kanionyesha kwenye simu kwamba walishapajua. Sasa mimi niamini yupi?"

Nikakosa jibu. Nilikuwa sijakisoma, sikuwa hata nimekifungua.

Sasa tuseme ukweli, kitabu chenyewe sio kibaya. Kimeandikwa vizuri, na kwa wakati wake kilikuwa cha maana, na mtu anayetaka kujua wanahistoria wa wakati ule walifikiri nini bado atakipenda. Na mchapishaji hakudanganya mtu, mwaka wa kwanza upo palepale kwenye ukurasa wake. Kosa liko kwetu. Stika yetu ya MPYA tunaibandika kwenye kila kitu tulichonunua ndani ya miezi sita, basi, kwa hiyo stika inasema habari za manunuzi yetu, haisemi chochote kuhusu kilichomo ndani. Na katalogi kwenye kompyuta inaonyesha mwaka wa chapa tuliyonayo mkononi, na ISBN, ile namba ya utambulisho ya kitabu, nayo ni mpya kwa sababu ni toleo jipya, kwa hiyo hata ningetafuta kwa kompyuta ningeona mwaka wa juzi na ningemwambia mama vilevile kwa ujasiri. Kila kitu kilikuwa kinaniambia kipya isipokuwa ule ukurasa mmoja.

Kwa riwaya hili halina shida kubwa. Riwaya ya miaka hamsini ikipigwa kava jipya bado ni ileile na msomaji hapotezi kitu. Kwa kitabu cha sheria au dawa au kompyuta kila mkutubi anajua kuangalia mwaka, tena tunaviondoa rafuni vikizeeka. Ila historia tunaisahau, kwa sababu kichwani tunasema mambo ya mwaka 1348 yameshapita, hayabadiliki, kitabu cha zamani na cha leo si vinaeleza kitu kilekile? Hapo ndo tunapojidanganya, na tauni ni mfano mzuri kuliko mingi ninayoijua.

Angalia ilivyokwenda. Mwaka 1894 Alexandre Yersin akakiona kijidudu cha tauni kule Hong Kong, na ndo maana leo kinaitwa Yersinia pestis. Wanahistoria wakachukua ujuzi huo wakaurudisha nyuma karne tano, wakasema basi na Kifo Cheusi kilikuwa hichohicho, kikabebwa na viroboto wa panya. Miaka ikaenda, kuanzia miaka ya 1980 mpaka mwanzoni mwa 2000 wakatokea waandishi wenye hoja nzito wanasema hapana, ugonjwa ule ulikwenda kasi mno, haufanani na tauni tunayoijua, labda ni kitu kingine kabisa. Mwaka 2000 watafiti wa Ufaransa wakasema wamepata vinasaba vya tauni kwenye meno ya watu waliozikwa Montpellier, wengine wakapinga, wakasema sampuli zimechafuliwa. Ubishi ukaendelea mpaka 2011, ndipo ikatolewa jenomu, yaani vinasaba vyote, ya kijidudu chenyewe kutoka kwenye mifupa ya makaburi ya East Smithfield, London, makaburi yaliyofunguliwa mahsusi kwa ajili ya watu wa tauni ile. Ni Yersinia pestis, na hapo ubishi mkubwa ukaisha. Kwa hiyo fikiria msomaji anayechukua kitabu cha 2002 rafuni kwetu, anaweza kuondoka anaamini haikuwa tauni, na hatakuwa amesoma kitabu cha ovyo, atakuwa amesoma kitabu cha msomi kabisa, ila kimepitwa.

Halafu kile alichokiona mjukuu kwenye simu. Mwaka 2022 likachapwa kwenye jarida la Nature andiko kuhusu makaburi mawili karibu na Ziwa Issyk-Kul, Kirigizistani ya leo. Makaburi haya yalichimbwa tangu miaka ya 1880 na yamejaa mawe yenye maandishi ya Kisiria, lugha ya zamani ya Wakristo wa mashariki, na mengi yana mwaka. Mtafiti mmoja akahesabu: katika mawe 467 yenye tarehe kamili, 118 ni ya miaka miwili tu, 1338 na 1339. Na baadhi yameandika sababu waziwazi, neno la Kisiria lenye maana ya maradhi ya kuua watu wengi, mawtana, ambalo sikio la Mswahili linalishika mara moja kwa sababu ya mauti. Wakachukua meno ya watu saba waliozikwa pale, watatu wakakutwa na kijidudu, na ukikiweka kwenye ukoo wa vijidudu vya tauni kinakaa pale kwenye shina, kabla haijagawanyika matawi. Miaka saba minane kabla ya kuzingirwa Caffa, bandari ya Bahari Nyeusi, na kabla ya meli kufika Messina, Sisilia, Oktoba 1347. Yaani watu wamelala chini karne karibu saba na jibu liko mdomoni mwao.

Mama alipoyasikia haya (niliyasoma usiku ule nikamweleza alipokuja tena) akakaa kimya kidogo, akauliza, "Mia na kumi na nane. Walikuwa kijiji kikubwa?" Nikamwambia ni jamii za wafanyabiashara, Wakristo wa kanisa la mashariki, sio mji mkubwa. Akasema basi hapo kila nyumba ililia. Mimi nilikuwa nimesoma namba, yeye alikuwa ameona nyumba, na nilipaswa kulielewa hilo tangu siku ya kwanza.

Kwa sababu kosa la mwaka wa kitabu lilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba sikumuuliza anasomaje. Alipoleta kile kitabu cheusi nilimuuliza, mbali na mwaka, ulikionaje? Akasema sura tatu za kodi za mashamba ya mabwana wa Uingereza zilimchosha, majedwali, bei za ngano, majina ya vijiji. Hata kama kile kitabu kingeandikwa mwezi jana kisingemfaa. Safari hii nikatoka nyuma ya kaunta, nikavuta viti viwili, nikamuuliza swali ambalo siku hizi ndo naanza nalo kila wakati: mama, kitabu gani cha mwisho kilikufanya uchelewe kulala? Akacheka. Akasema ni barua za muuguzi mmoja wa zamani alizokuwa anawaandikia nyumbani, zimekusanywa zikawa kitabu. Nikauliza, ulipenda nini mle? "Yeye mwenyewe. Nilikuwa namwona."

Nancy Pearl, mkutubi wa Seattle, anasema msomaji anaingia kitabuni kwa moja ya milango minne, hadithi, wahusika, mahali, au lugha, na mkutubi akiujua mlango wa mtu anaweza kumtafutia kitabu hata cha mada ambayo hajawahi kuigusa. Wengi wanafikiri hilo ni la riwaya tu. Hapana, kwa historia ndo linahitajika zaidi, kwa sababu sisi historia tunaipanga kwa mada na nchi na karne, kompyuta inajua mada tu, mlango haiujui. Huyu mama mlango wake ni watu. Mimi nilimpa ukuta wa namba.

Kuna mzee mwingine anakuja kwetu, yeye ukimpa majedwali ya bei za ngano atakushukuru mwaka mzima, kwa hiyo simaanishi majedwali ni mabaya.

Kutafuta sasa. Hapa kuna jambo dogo la kiufundi lakini linawapoteza wasomaji kila siku. Kwa Dewey, ule mfumo wa namba tunaotumia kupanga vitabu rafuni, vitabu vya Kifo Cheusi havikai pamoja. Vingine viko 940.192, historia ya Ulaya karne ya 14, vingine vimepelekwa 614.5732, tauni kama ugonjwa, ambako ni upande wa afya, kwetu ni chumba kingine kabisa, na vya historia ya dunia viko 909. Mtu anayezunguka mwenyewe kwenye rafu za 900 ataona theluthi ya tulichonacho na ataamini ndo vyote. Mama alikuwa anafikiri maktaba ina vitabu viwili vya tauni. Tulikusanya saba mezani, vitatu tukaviweka pembeni haraka kwa sababu ya umri, vikabaki vinne.

Hivyo vinne tulivikagua pamoja, mimi na yeye, na nitaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu ndo ufundi wenyewe na hauhitaji uwe mwanahistoria. Kwanza ule ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu: mwaka wa haki ya mwandishi ni upi, na je imeandikwa chapa au toleo lililorekebishwa, maana hivyo ni vitu viwili tofauti, chapa ni wino mpya tu, toleo lililorekebishwa mtu amekaa akaandika upya angalau sehemu. Halafu, na hii ndo muhimu kuliko, unakwenda mwisho kabisa, kwenye tanbihi na orodha ya vitabu alivyotumia mwandishi, unatafuta mwaka wa karibu zaidi. Hapo hapadanganyi. Cha kwanza kati ya vinne kilikuwa na mwaka wa haki wa hivi karibuni, mwandishi yupo hai, kava zuri, lakini kwenye orodha yake nilikwenda juu na chini sikukuta andiko lolote la baada ya 1998. Yaani mtu kaandika kitabu kipya kwa ujuzi wa zamani, hajasikia habari za vinasaba kabisa. Bila kufungua mwisho ningekitoa tena na stika yake ya njano na mama angerudi tena siku ya tisa.

Cha pili kilikuwa toleo lililorekebishwa kweli, mwandishi kaongeza sura mbili za mambo ya vinasaba, kizuri sana, lakini moyo wa kitabu ni uchumi, mishahara ilivyopanda baada ya watu kupungua. Cha tatu ni cha wasomi wengi, kila mmoja na sura yake, kina mpaka ule utafiti wa 2022 wa chavua, ambapo watu wamesoma chavua iliyotuama kwenye maziwa na mabwawa 261 katika nchi 19 za Ulaya wakaona kwamba tauni haikuua sawasawa kila mahali, kuna sehemu mashamba yaliachwa yakageuka msitu na kuna sehemu kilimo hakikuyumba kabisa. Hilo peke yake linavunja ile sentensi tuliyoikariri wote kwamba theluthi ya Ulaya ilikufa, kana kwamba mtu alipita anahesabu mmoja, wawili, watatu anatoa. Mimi hicho nilikipenda mno. Ila ni kigumu, sentensi ndefu, maneno ya kitaalamu kila mstari, na mama akasoma kurasa mbili akakirudisha mezani kwa adabu.

Cha nne kimetoka 2020, na kinafuata watu. Kiko naye Ibn Battuta, huyuhuyu aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, sasa yuko Damasko 1348, anaona watu wa mji wamefunga siku tatu halafu wanatoka kwa miguu mitupu, Waislamu na misahafu yao, Wayahudi na Torati, Wakristo na Injili, wanawake na watoto, wote wanalia na kuomba. Yuko Ibn Khaldun, kijana wa Tunis ambaye tauni ilimchukulia baba na mama na walimu wake, halafu akakua akaandika kuhusu jinsi dola zinavyoinuka na kuanguka. Mama akafungua akakuta hiyo ya Damasko, akasoma kimya, akafungua ukurasa unaofuata bila kuniangalia. Hapo nilijua.

Ila kina kasoro, kimetoka kabla ya 2022. Mambo ya Issyk-Kul mwandishi anayagusa kama dhana tu. Kwa hiyo kwa kipimo cha mjukuu nacho kimepitwa! Na hii ndo hali yenyewe ya historia, ukisubiri kitabu ambacho hakijapitwa hutampa mtu kitabu. Nikaamua hivi: nikaandika nusu ukurasa, lugha nyepesi, nikieleza mawe ya makaburi yalisema nini na meno yakathibitisha nini, na pia kwamba kuna utafiti wa 2018 unaoonyesha kwamba kasi ya tauni Ulaya inaelezeka vizuri zaidi kwa viroboto na chawa wa binadamu kuliko panya, ingawa hilo bado linabishaniwa na wengi hawajakubali. Nikaiprinti, nikaichomeka ndani ya kava. Nikamwambia mama, kitabu hiki kisome kwa ajili ya watu, na karatasi hii isome ukifika pale anapozungumzia chanzo.

Pia nikampa sheria ya kurasa 50, nayo ni ya Nancy Pearl: mpe mwandishi kurasa hamsini, hakijakuvuta, achana nacho, na kama umevuka miaka hamsini toa umri wako kwenye mia, jibu ndo idadi ya kurasa unazodaiwa. Mia toa 68 ni 32. Mama aliipenda sana hii. Akaniambia maisha yake yote alikuwa anamaliza vitabu kama dawa, hata kile cheusi alikimaliza kwa sababu alidhani ni adabu. Nadhani wasomaji wa historia wanaumia na hili kuliko wa riwaya, wanahisi kukiacha kitabu cha historia katikati ni kama kukimbia darasa, na sisi hatuwaambii kwamba wanaruhusiwa.

Ile karatasi ilileta mjadala mkubwa ofisini. Mwenzangu mmoja, mzoefu kuniliko, akasema kazi yetu ni kumpa mtu kitabu, sio kumsahihisha mwandishi, leo umeandika kuhusu tauni ambayo haimuudhi mtu, kesho utaandika kuhusu ukoloni au uchaguzi, nani kakupa mamlaka? Nilimsikiliza na bado namsikiliza, kwa sababu ana hoja. Historia ina mambo ambayo kila neno lina mwenyewe, na mkutubi akianza kuchomeka maoni yake vitabuni maktaba ya umma itaacha kuwa ya umma. Tulichokubaliana ni kwamba karatasi itataja jambo lililogunduliwa, mwaka, na mahali lilipochapwa, basi, haitasema kitabu kinakosea wala msomaji aamini nini, na wawili waisome kabla haijachomekwa. Kwa mada zinazogombaniwa hatuandiki kitu, tunaweka vitabu viwili vya pande mbili jirani na kumwambia msomaji vipo viwili. Yeye hakuridhika sana, mimi nimeridhika kiasi.

Kuhusu stika tulibadilisha kwa wepesi zaidi kuliko nilivyotegemea. Kwenye historia sasa njano inaandikwa TUMEKIPATA na mwezi, na chini yake kwa kalamu tunaandika "kimeandikwa" na mwaka wa kwanza. Kazi ya dakika moja kwa kitabu. Kile cheusi kimerudi rafuni kikiwa na 1970 na kitu mgongoni na bado watu wanakiazima, tena wengine wanakitaka kwa sababu hiyohiyo, kwamba ni cha zamani. Ranganathan, mkutubi wa India, aliandika tangu 1931 kwamba kila msomaji ana kitabu chake na kila kitabu kina msomaji wake. Mimi hiyo ya pili nilikuwa siioni uzito mpaka nilipoona kitabu nilichompa mtu asiyekuwa wake kikipata mwenyewe.

Mama alirudi baada ya wiki mbili na nusu. Amekimaliza, alivuka kurasa 32 usiku wa kwanza. Karatasi yangu ameikunja mara nne, ameandika pembeni kwa kalamu ya risasi, na alikuwa na malalamiko mengine, ambayo niliyafurahia kuliko sifa. Kasema mwandishi ameeleza wafalme walivyokimbia, mapadri walivyokufa, madaktari walivyovaa, lakini hakuna mahali anaposema nani alikuwa anawageuza wagonjwa kitandani, nani anawapa maji, nani anafua mashuka. "Watu hawafi peke yao kote, mwanangu. Kuna mtu alikuwepo. Mimi namtaka huyo."

Nilitafuta. Tulichonacho kuna sura moja ndani ya kitabu cha historia ya hospitali, upande wa 362, kuhusu masista waliohudumia wagonjwa Paris wakati ule, kurasa kumi na nne. Akakichukua kwa ajili ya hizo kumi na nne. Zaidi ya hapo hatuna, kwa hiyo nimejaza fomu ya kuomba kununua, na pale kwenye sababu nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Kamati ya manunuzi inakaa mwisho wa mwezi. Juzi alipita kwenye magazeti akaniinulia mkono kutoka mbali akiuliza kwa ishara, nikamtikisia kichwa kwamba bado, akaketi akafungua gazeti lake.